Chipsi za Flagey na Adabu Yangu

Jumamosi, Brussels

Chipsi zangu zimeliwa, na wa kulaumiwa ni mdomo wangu mwenyewe.

Nilikuwa nimeketi uwanjani Flagey, pakiti ya moto mapajani, akapita mzee wa Kibelgiji. Kwa mazoea ya nyumbani Tanga nikasema, “Karibu.” Kwetu mtu hujibu “asante,” akaenda zake.

Huyu kumbe ni padri mstaafu aliyeishi Kongo. “Aksanti, mutoto yangu!” Akaketi, akala zote, mayonezi akaikomba kwa kidole. Nami natabasamu tu!

Akainuka. “Na wewe karibu kwangu kesho, Uccle. Tutakula kuku na sombe.”

Kuku! Na sombe, yaani kisamvu chetu, mwaka mzima sijakionja!

Nikajibu, “Asante,” nikaenda zangu. Hata nyumba sikuuliza.