Injini ya Mezani na Sikio la Andati

Jumatatu, 9 Juni 2025
Nimetimiza miaka sabini na sita. Mjukuu wangu Shirleen kaniletea zawadi kutoka duka la Hashi kule Eastleigh — garimoshi la kuchezea, la mtumba, na reli zake za kuzunguka meza. Asante sana. Wenzangu wananunuliwa sweta. Nikaliwasha. Huo mlio! Kama mbuzi amekanyagwa na mbuzi mwenzake. "Guka, hiyo ni vintage, ya kale yenye thamani," Shirleen akamwambia babu yake. Sawa. Hata mimi ni vintage, nalia magoti.

Jumanne, 10 Juni
Andati kapiga simu. Dereva mkubwa wa reli huyo, nadhani alizaliwa na kofia. Sukari imekula macho yake yote mawili, ila mdomo u mzima. Jumatatu ijayo anahamia kwao Lugari, harudi tena. Miaka thelathini ya kazi pamoja na hajaniita fundi hata siku moja. Ananiita turnboy, utingo! Eti nilikuwa wa kujaza mchanga tu kwenye injini. Bila huo mchanga kumwagwa relini, magurudumu yake yangekuwa yanateleza mlimani mpaka leo. Hilo hasemi. Nimemwambia aje Jumapili asikilize injini ya mezani niliyoitengeneza, haitoi hata chafya. Akasema ikinyamaza ataniita fundi, mbele ya mke wangu. Nimekubali. Sijui hata inafunguliwa wapi.

Alhamisi, 12 Juni
Nimeifungua. Skrubu nne, ndogo kama chawa. Ndani — giya za plastiki, kavu, na nywele za mtu. Za manjano! Nikazitoa na kibano cha nyusi cha Teresiah (mke wangu, hajui bado). Kisha mafuta ya cherehani yake. Karatasi ya maelekezo iliyokuja nayo inasema tone moja. Tone moja ni la watu ambao hawajafanya kazi reli. Nikamwaga.
Kimya! Teresiah akauliza kutoka jikoni kama imekufa. Haijafa, Teresiah. Imepona.

Jumamosi, 14 Juni
Imenyamaza, lakini haiendi. Mafuta yameshuka relini, magurudumu yanazunguka palepale kama mheshimiwa baada ya kura. Mtu mwingine angepangusa na kitambaa. Mimi ni mtu wa reli. Nikaomba mchanga kwa wajenzi wa hapo nje, nikauchekecha, nikanyunyiza.
Ikashika! Raundi mbili za heshima. Ya tatu — krrrr. Mchanga umeingia kwa giya. Sasa si mbuzi mmoja, ni soko zima la mbuzi la Kiamaiko.

Jumapili, 15 Juni
Nimesugua asubuhi yote kwa mswaki. Wa Teresiah. Kanisa nimekosa. Bado inalia.
Saa nane Andati kaletwa na binti yake Triza. Suti, tai, miwani nyeusi. Nikampa chai, nikaanzisha siasa.
"Washa."
Krrrr. Hakucheka! Hapo ndipo nilipoumia. Akainama, sikio mezani, raundi nzima.
"Gichuru. Umemwaga mchanga?"
"Kidogo."
"Kwenye meza ya chakula?"
"Ilikuwa inateleza!"
Triza akageukia dirisha, mabega yanatikisika kwa kicheko. Andati akavua koti, akaomba bisibisi. Ameifungua yote kwa vidole, giya anazipangusa na tai ya kanisa. Naandika kwa mkono mmoja, wa pili umeshika tochi. Tochi kaagiza yeye mwenyewe — kipofu! "Mulika vizuri, turnboy." Namulika.
Sasa anasema giya ile ndogo nitairudisha mimi, vidole vyake vinatetemeka. Vyangu je? Hajauliza.
Teresiah kasimama mlangoni, mswaki wake wenye mchanga mkononi. Basi, shahidi wa ufundi wangu amefika.