Wimbo Wako wa Mawe

Tunduma, Alhamisi

Mulamu wangu mpendwa,

Dada yangu alipoolewa nawe niliacha kukuita kwa jina, nikashika neno la shemeji la kwenu Msangano, mulamu, na wewe ukaacha kuniita shemeji ukaniita Msomi, kwa kunitania, kwa sababu nilikuwa na kidato cha nne na wewe ulikuwa na mashine ya kuchomelea. Tangu tukuzike sijakuandikia. Leo naandika kwa sababu nimekukosea, na kosa lenyewe ni la Jumapili iliyopita tu, wala si la zamani. Unanijua napenda mambo yaende kwa mpangilio, kwa hiyo naanzia mwanzo.

Mwanzo ni ile mechi ya kirafiki ya Nakonde. Wakati ule Songwe haijawa mkoa, sisi bado ni watu wa Mbeya, na kwenda kuangalia mpira ng'ambo ya mpaka, Zambia, ilikuwa kama kwenda kwa jirani kuazima chumvi. Timu yetu ya mji ilifungwa. Tulikuwa tunatoka uwanjani vichwa chini, mara lori likaingia hadi katikati ya uwanja, likateremsha ubao wa nyuma, na vijana wanne wa Kizambia wakapanda na magitaa ya umeme. Jenereta likawashwa. Hakuna kati yetu aliyewahi kuona muziki wa umeme unapigwa na watu waliosimama mbele yake. Tulizoea redio.

Wewe ulikwenda moja kwa moja kwenye spika, ukaweka kiganja juu yake kama mtu anayepima homa ya mtoto. Ukanigeukia ukapiga kelele, "Msomi, njoo. Tumbo linatetemeka."

Nilikuja. Lilitetemeka kweli. Mpiga gitaa mmoja alikuwa amefunga kitambaa chekundu kichwani, anaimba kama anayegombana na mtu, na sijui kama ule wimbo ulikuwa mzuri au mbaya. Ukamuuliza shabiki mmoja wa Nakonde aliyesimama kando yako, ukimwita mzee kwa neno la kwao, "Mudala, huu muziki unaitwaje?"

"Rok, mudala. Rok yenyewe."

Ukanigeukia mimi. "Msomi, rok ni nini?"

Hapa ndipo ninapotaka unisikilize vizuri. Mimi sikujua. Nilijua neno, sikujua muziki. Lakini ulikuwa umeniuliza mbele ya watu wa ng'ambo, na mimi ndiye mwenye cheti. Nikakujibu kwa sauti ya mwalimu, "Ni mwamba. Jiwe. Hizo ni nyimbo za mawe."

Ukaitikia kwa kichwa, ukarudisha kiganja kwenye spika. Ulinielewa kabisa, na hilo ndilo linaloniuma sasa. Ulichukua jibu langu ukaenda nalo nyumbani ukalifanyia kazi.

Haikupita muda ukachomelea dumu la mafuta, ukalipa shingo ya mbao, ukafunga nyaya za breki za baiskeli, ukaunganisha na redio kaseti ya dada yangu mpaka redio ikatoa moshi. Kisha ukaja uwanjani kwetu kwenye mechi ya nyumbani ukasimama mbele ya jukwaa la mbao ukatuambia umetunga wimbo wa rok kwa ajili ya timu, na kwamba kwa kuwa ni wimbo wa mawe, kila shabiki ashike mawe mawili ayagonganishe.

"Jiwe, jiwe, jiwe la Tunduma,
ukilipiga teke utarudi unachechemea."

Haukuwa na vina. Sauti yako, nisamehe, ilikuwa ya mtu anayeita mbuzi. Lakini watu waligonga mawe, na wachezaji wa timu ya wageni walituangalia kwa wasiwasi wa kweli. Mechi iliyofuata askari mlangoni alitukagua mifuko, akarundika mawe yetu pembeni, akakuuliza wewe kama kiongozi wa fujo mawe ni ya nini.

"Ni ala za muziki, afande."

"Ala."

"Ndiyo, afande. Sisi ni wapiga rok."

Alituruhusu kuingia, mawe yakabaki. Ukapiga makofi dakika zote, na ukasema makofi si rok halisi.

Miaka yote hiyo, mulamu, nilikaa kando yako nikijua. Baadaye nilisikia rok redioni, nikasoma magazetini, nikaelewa kwamba haina uhusiano wowote na mawe. Kila nilipotaka kukwambia, nilikuona unavyofurahi, nikajiambia nitakuharibia. Sina hakika kama ilikuwa huruma. Huenda niliogopa tu kuitwa Msomi kwa maana nyingine.

Sasa nije Jumapili.

Unaukumbuka ule ukumbi wa video karibu na stendi ya malori. Siku hizi una televisheni kubwa ya ukutani na bado tunakaa kwenye mabenchi yale yale. Mechi ilikuwa ianze saa kumi, umeme ukakatika. Kocha, yule ambaye hajawahi kufundisha hata kuku, akasema tusikae kama tuko msibani, kila mtu aseme tamasha lake la kwanza la muziki na wimbo mbaya kuliko zote alizowahi kuzisikia.

Lazaro fundi viatu alianza. Alisema alikwenda mpaka Mbeya mjini kumwona mwanamuziki mkubwa, akakaa juu ya ukuta, na kwa saa nzima alichoona ni kofia.

"Kwa hiyo ulikwenda kwenye tamasha la kofia," Kocha akasema.

"Kofia ilikuwa nzuri."

"Na wimbo mbaya?"

"Sikuusikia. Ukuta ulikuwa mbali."

Watu wakacheka. Kocha naye akasema wimbo mbaya kuliko zote ni ule uliopigwa kwenye harusi yake, na kwamba alipaswa kuuchukulia kama onyo. Wakacheka zaidi. Ikafika zamu yangu, na mimi unanijua, si mchekeshaji. Nikikaa na watu wanaochekesha huwa naona kama nimekuja mikono mitupu. Nikataka na mimi siku moja nichekeshe.

Nikawaambia habari ya lori la Nakonde. Nikawaambia, "Shemeji yangu marehemu alidhani rok ni jiwe." Hivyo tu. Alidhani. Sikusema aliambiwa na nani. Nikasimama, nikashika chupa mbili za soda badala ya mawe, nikauimba wimbo wako kwa ile sauti yako ya kuita mbuzi. Kocha aliinama mpaka paji la uso likagusa magoti. Lazaro alikuwa anafuta machozi. Mtu mmoja nyuma akasema, "Rudia, rudia hapo pa kuchechemea," nikarudia.

Nilipogeuka, Atupele wako alikuwa amesimama mlangoni.

Alikuwa ameleta kadi za send-off yake, niwapelekee wenzangu wa kijiweni. Binti yako anaolewa, mulamu. Send-off ni Jumamosi hii, na kwenye ratiba alikuwa ameweka mahali pa wimbo wa baba. Hakuna kanda iliyobaki, kwa hiyo alikuwa ameniomba mimi, mjomba wake, niuimbe. Yeye anaujua kama wimbo uliokuwa unauimba nyumbani jioni ukivua buti. Hakuwahi kujua kwamba mjini uliwahi kuchekwa.

"Shikamoo, mjomba," akasema. Kisha akauliza taratibu, "Huo mnaoucheka si wimbo wa baba?"

Mulamu, nikamwambia hapana. Nikamwambia, "Huu ni wa bendi moja ya Nakonde, mama. Unafanana tu."

Nilikuwa bado nimeshika chupa. Jina la Tunduma limo ndani ya wimbo wenyewe. Akaniangalia, akaweka kadi kwenye benchi, akasema, "Sawa, mjomba," akaondoka. Umeme ukarudi, watu wakageukia mpira, na mimi nikakaa. Unajua nina shajara, na kila siku naiandika kwa tarehe. Ya Jumapili nimeandika kwamba umeme ulikatika na tulifungwa bao la penalti. Hata pale nilishindwa kuliandika kosa langu.

Jumatatu asubuhi akanitumia ratiba mpya kwenye simu. Mahali pa wimbo wa baba pameandikwa muziki laini. Hakunilaumu kwa neno hata moja. Alimalizia, "Ubarikiwe mjomba."

Jumanne nilikwenda kwenye kibanda chake cha cherehani. Alikuwa anapinda gauni la mmoja wa wasimamizi. Sikukaa. Nilimwambia ule ulikuwa wimbo wa baba yake, na kwamba nilimdanganya. Aliendelea kukanyaga cherehani.

"Najua, mjomba."

"Kuna lingine hulijui. Baba yako hakukosea. Aliniuliza mimi rok ni nini, nikamwambia ni jiwe. Nilijifanya najua. Aliyekosea ni mimi, na Jumapili nilimsingizia yeye."

Cherehani ikasimama. "Kwa hiyo alitunga alichoambiwa."

"Ndiyo."

"Na wale wenzako umewaambia?"

"Bado."

"Basi mimi siyo wa kuambiwa kwanza," akasema, akauma uzi kwa meno. "Mimi nilikuwa namjua. Wao ndio wamebaki wanamwona mjinga."

Nimefundishwa na walimu wengi, mulamu, lakini hakuna aliyenisahihisha kwa maneno machache kiasi hicho. Kasema kama wewe ulivyokuwa unamwambia mteja kwamba mlango wake umepinda.

Jioni ile ile nikarudi ukumbini. Hapakuwa na mechi, walikuwa wanacheza bao. Nikasimama pale pale niliposimama Jumapili nikawaeleza yote, swali lako, jibu langu, ukimya wangu wa miaka. Nilidhani watanyamaza kwa heshima. Kocha akaweka kete chini.

"Ngoja nielewe. Yule fundi alikuuliza wewe, mwenye cheti."

"Ndiyo."

"Ukamwambia jiwe."

"Ndiyo."

"Na yeye akaenda akatengeneza gitaa, akatunga wimbo, akakusanya watu, askari akatunyang'anya mawe. Wewe ukakaa unaangalia."

"Ndiyo, Kocha."

Akawageukia wengine. "Sasa hapo jiwe ni nani?"

Walinicheka, mulamu, wakanicheka mpaka mwenye ukumbi akatoka kuangalia. Toka siku hiyo wananiita Jiwe. Lazaro jana alinipigia simu akasema, "Jiwe, viatu vyako vimekwisha." Naitika. Lazaro ndiye aliyesema pia, wengine walipotulia, kwamba kwa mtu aliyepewa jibu la uongo ulifanya kazi nzuri, na kwamba yeye kwenye jukwaa lile la mbao aligonga mawe mpaka kidole kikavimba na hakujuta.

Atupele ameurudisha wimbo kwenye ratiba. Amenisamehe, au ameamua kuolewa kwanza halafu ataangalia. Wewe sijui. Nimejaribu kufikiria ungesema nini ningekwambia ukiwa hai, na kila mara nakuona unacheka na kusema sasa tubadilishe jina la bendi. Lakini huo ni uso ninaokuvika mimi, kwa sababu unanifaa. Inawezekana ungenyamaza. Ulikuwa unaniamini katika mambo ya maneno kama mimi nilivyokuamini kwenye moto, na mimi hukuwahi kuniunguza.

Jana nilikwenda tena kwa Atupele kufanya mazoezi. Nikaimba ubeti ule, nikaishia hapo. 

"Endelea, mjomba."

"Umeisha."

"Haujaisha. Kuna wa pili."

Sikujua kuna wa pili. Uwanjani hatukuwahi kufika huko, tulikuwa tunazama kwenye kelele na kicheko, na mimi niliyekaa kando yako sikuwahi kukuuliza kama kuna zaidi. Akaniimbia yeye, huku anapiga mkasi juu ya meza:

"Jiwe lina mke, jiwe lina mtoto,
likitoka kiwanjani linapewa maji ya moto."

Ni mbaya kuliko wa kwanza, mulamu. Vina vimepatikana lakini jiwe limeingia kuoga. Atupele ndiye aliyeanza kucheka, mimi nikafuata, na kicheko chetu kilikuwa tofauti na kile cha Jumapili. Dada yangu alikuwa amekaa mlangoni anachambua mchele. Hakucheka. Alisema tu, "Yalikuwa ya moto kweli, na hakuwahi kuyalalamikia," akaendelea kuchambua.

Jumamosi nitasimama mbele ya wakwe niimbe beti zote mbili, kwa sauti yangu, si ya kukuiga. Najua watacheka. Wacha wacheke. Akitokea mtu akauliza wimbo huu kautunga nani, nitamtajia jina lako kamili na la baba yako, na akiuliza ni nani aliyemwambia rok ni jiwe, nitainua mkono.

Pumzika, mulamu. Maji ya kuoga ya binti yako sasa atayachemsha huyo mume wake, na nimeshamwambia yawe ya moto.

Ni mimi,
shemeji yako, mjomba wa Atupele