Darubini ya Madam Haijaharibika

Riyadh, Ijumaa, 2014

Eti nimeharibu darubini! Mimi, niliyefundisha fizikia Kitui miaka sita kabla ya kuja kufuta vumbi nyumba hii.

Asubuhi Madam alipanda nayo kwenye paa, akaielekeza kwa mara ya kwanza kwenye mnara wa msikiti badala ya nyota, akauona kichwa chini miguu juu. Akakumbuka kwamba jana niliifuta, akaniita juu. "Umeivunja! Halas, imetosha, nakurudisha kwa wakala." Niliogopa, nakiri. Kwa wakala wanawake hulala sakafuni wakingoja kafili mwingine, yaani tajiri wa kuwadhamini.

Lakini jambo hili nalijua. Nilishuka nikaomba zile lenzi mbili za kukuza maandishi ambazo mama yake Madam husomea Kurani. Nikarudi juu; kubwa nikaishika mbali, ndogo nikaiweka karibu na jicho la Madam. Mnara ukapinduka vilevile.

Nikamweleza kwamba darubini ilianzia kwa mafundi wa miwani huko Uholanzi, kwa lenzi mbili tu kama hizi. Zile za kwanza zilionyesha vitu wima, kwa sababu lenzi ya jichoni ilikuwa imebonyea katikati. Baadaye wakaweka iliyotuna, wakaona eneo pana zaidi, ila juu chini, kama hii yake. Watazamaji wa nyota hawakujali. Nyota haina kichwa wala miguu.

Madam hakuomba msamaha, wala sikuutarajia.

"Nani alikufundisha haya?"

"Madam, mimi ndiye niliyekuwa nikifundisha."

Madam akasogea kando ya darubini, akanipisha nitazame.