Mama Anagema Mianzi Yako

Kaka yangu Festo,

Kamwene. Najua huko uliko barua hazifiki, na hii hata ingefika ungeitia mfukoni bila kuisoma, kama ulivyozoea. Hata hivyo naandika, maana kuna jambo limetokea nyumbani Kilolo na wewe ndiye uliyestahili kuambiwa wa kwanza. Mama anagema mianzi yako.

Usicheke. Ni mama yetu huyu huyu, mwenyekiti wa akina mama wa usharika, aliyekuwa akipita karibu na kilabu anajifunika pua kwa khanga. Unakumbuka ile siku ulipomletea ulanzi wa mianzi yako uliotoka kugemwa asubuhi hiyo hiyo, togwa yenyewe, tamu, hata haijaanza kuchacha? Ukamwambia, "Mama, hii hata watoto wa Sandei skuli wanakunywa." Akaonja, akatikisa kichwa, akasema, "Tamu, lakini hii ni dhambi changa." Kisha akaimaliza yote. Ulicheka mpaka ukakaa chini kwenye majani.

Na unakumbuka habari ya komeo. Baba akishakula alitaka kufunga mlango, alale. "Leo alale huko huko alikolewa," alikuwa akisema. Mama anamjibu kutoka jikoni, "Usiweke komeo, Baba Yohana. Mtoto yuko nje." Mtoto mwenyewe una ndevu! Lakini baba aliliacha komeo likining'inia, na wewe ulirudi ukiimba nyimbo za kwaya, sauti ya pili, bila kukosea hata neno. Mama alikugombeza akiwa kitandani, halafu anakuelekeza chakula kilipo.

Kwa hiyo asubuhi ile walipokukuta chini ya njia itokayo kilabuni, umelowa mvua na umeshapoa, mlango wa nyumba yetu ulikuwa bado wazi. Nina hasira na wewe, kaka. Nitakuwa nayo kwa muda, naomba univumilie.

Mazishini mwinjilisti alihubiri moto. Simlaumu sana. Ni kijana tu, na ng'ambo ya kaburi walikuwa wamesimama rafiki zako wote, wengine hata hapo miguu haikuwa sawa. Nadhani aliwaogopea. Akasema, "Ndugu zangu, tusidanganyane. Mwenzetu huyu amekufa hajatubu. Kwake mlango umeshafungwa. Nyinyi bado mna nafasi." Watu wakaitikia amina. Mama alikuwa amekaa mkekani, hakuitikia.

Tangu siku hiyo ikawa hivi: jioni tukikaa kwa sala, mama anaanza kututaja watoto wake kama kawaida, anamwombea kaka Yohana, na ikifika zamu yako ananyamaza. Tunasikia kuni tu. Kisha ananitaja mimi. Nilipomuuliza, alisema, "Nikimtaja nitamwombea nini? Kama yuko kule alikosema mwinjilisti, sala yangu haifiki. Na kama nikimshukuru Mungu kwa ajili yake, nitakuwa nasema uongo." Mama, aliyekuwa na maneno ya kumwombea hata kuku mgonjwa, alikosa neno moja la kukuombea wewe. Niliingia chumbani nikalia kwa sauti.

Nilikuwa nimekuja kuzika nirudi Mafinga kwenye cherehani yangu, lakini nikabaki. Ndipo nikaona. Matanga yalipoisha tu, mama alichukua kile kisu chako kidogo, akashuka bondeni kwenye mianzi. Unajua mwenyewe kwamba chipukizi la mwanzi lisipokatwa ncha kila asubuhi na jioni linakauka, na mwaka huo huna kitu. Akawa anakata ncha, anatundika mbeta ya kukingia ulanzi, asubuhi na jioni, mvua inanyesha, miguu yake ile mibovu. Ulanzi aliugawa ungali mtamu kwa majirani wenye watoto, uliobaki akaumwaga. Maneno yakaenea usharika mzima.

Jioni moja mwinjilisti akatukuta huko bondeni. Akaamkia, akasimama anazungusha kofia mikononi.

"Mama mwenyekiti, watu wanasema."

"Wanasema kweli. Nagema."

"Lakini mama, si ndio huu uliomuua Festo?"

"Ndio huu. Yeye nilishindwa kumshika, mwanangu. Acha nishike mianzi yake."

Kisha akakiweka kisu chini, akamwambia, "Siku ile ulisema amefungiwa mlango."

"Nilisema kwa ajili ya walio hai, mama."

"Na mimi nilikuwa hai. Nilikuwa pale mkekani." Alisema taratibu, bila ukali. "Huyu mtoto nilikuwaga namgombeza mpaka sauti inakauka. Lakini komeo sijawahi kuweka. Sasa niambie wewe uliyesoma chuo cha Biblia. Mimi mwenye dhambi nimemwachia mlango miaka yote. Mungu ndiye wa kumfungia?"

Kaka, yule kijana alikaa kwenye majani yenye maji, na suruali yake ya kanisani. Akasema, "Mimi sijui, mama. Baba yangu naye alikufa hivi hivi. Nikihubiri moto, ni kama namwonya yeye, na nimeshachelewa."

Mama akausogelea mwanzi. Akateremsha mbeta, akammiminia togwa kwenye kikombe chako cha bati la bluu. Kijana akanywa chote.

"Tamu," akasema.

"Dhambi changa," akasema mama, na akacheka. Nilikuwa nimeanza kudhani hatacheka tena.

Mimi sisemi jehanamu haipo. Nimelelewa nayo kama ulivyolelewa wewe, naiogopa, na sijui kama unanisikia. Ninachojua ni nilichosikia jioni ile ile.

Tulikaa kwa sala. Mama akamwombea Yohana. Akanyamaza, nami nikainamisha kichwa nikingoja zamu yangu, kama nilivyozoea. Lakini sauti yake ikarudi, ile ile ya jikoni.

"Na Festo, Baba," akasema. "Usiweke komeo. Mtoto yuko nje."

Aliyetangulia kusema amina ni baba.

Lala salama, kaka.

Mdogo wako wa mwisho,
Anyesi