Mkwe Nyuma ya Magunia

Jumatatu, 4 Agosti

Tathmini za jozi tatu zimekamilika kabla chai haijapoa. Imebaki moja. Nimeikwepa tangu juzi.

Mashindano ya taifa ya kuteleza kwa viatu vya magurudumu, wawili wawili, ni Jumamosi. Hapa Tunduma, kwenye ghala la mahindi jirani na foleni ya malori. Kamati ilizunguka nchi nzima ikitafuta sakafu laini, ikaikuta kwetu. Watu wa Dar wamenuna. Wanune.

Kesho nasoma tathmini redioni. Jumamosi natangaza. Gwamaka, bosi wa redio, ameniomba nipunguze ukali. Nimeongeza.

Jozi ya Dar: nguo zinameta, meno yanameta, miguu haimeti. Wanatabasamu kama wanauza dawa ya meno. Jozi ya Mwanza: mwanamume ana nguvu, ila anamnyanyua mwenzake kama gunia la dagaa na kumtua vivyo hivyo. Jozi ya Arusha: hatari. Kaka na dada. Hata kupumua wanapumua pamoja. Sipendi watu wasio na kasoro. Nimewapa nafasi ya kwanza kwa hasira.

Imebaki jozi yetu. Binti yangu Neema na Ezekia, kijana wa kijiji cha Ihanda.

Jumanne, 5 Agosti

Nimesoma. "Kila mmoja ni hodari peke yake. Wakiwa wawili hawaendi pamoja. Kijana anatangulia, binti anamkimbilia. Nafasi ya nne."

Ya nne kati ya nne.

Mchana Neema amenitengea ugali pembeni na kunikaribisha kwa adabu, kama mgeni aliyekuja kuomba kura. Baba Neema kacheka mpaka akapaliwa.

"Mama Neema, ungewapa hata ya tatu. Mwanza si wanabwagana?"

Nikamwambia ukweli hauna mtoto. Sentensi nzuri. Nitaitumia tena.

Ila nataka washinde. Jozi ya kwanza inaingia timu ya taifa. Neema alijifunza kwa viatu vya mitumba vilivyovuka kutoka Zambia, kimoja chekundu kimoja cheusi, akishikilia nyuma ya malori huku mimi nikimfukuza na mwiko. Hilo sitalisema redioni.

Jumatano, 6 Agosti

Mshenga amekuja. Mzee mmoja wa Ihanda, koti la suti, viatu vina vumbi jekundu la kwao.

Ezekia anamposa Neema.

Mimi ninayejua nani kala rushwa kwa kumtazama anavyotembea, sikujua. Nimewatazama wameshikana mikono tangu mwaka juzi nikadhani ni michezo.

Baba Neema na ndugu zake wamepokea kishika uchumba. Basi, ikawa. Kwa desturi zetu, kuanzia dakika ile mimi ni mkwe. Ezekia haruhusiwi kunitazama, wala mimi yeye. Tukikutana njiani, mmoja anaingia shambani. Jina lake naliandika hapa tu, kwa mdomo silitaji.

Nimeishambulia desturi hii redioni, gazetini, hata kwenye kikao cha akina mama kanisani. "Kumkimbia mkwe ni kuikimbia akili." Maneno yangu hayo. Nikamtangazia mshenga kwamba nyumbani kwangu mambo hayo hayana kazi.

Akatazama chini. "Sawa, mama."

Sauti ile naijua. Huwa naitumia mimi, kwa wapumbavu.

Alhamisi, 7 Agosti

Aibu.

Nilikwenda ghalani kwenye mazoezi. Makusudi. Nikavaa kitenge chekundu nionekane, nikasimama mbele kabisa. Ezekia alikuja kinyumenyume, amembeba Neema juu kwa mikono miwili. Akageuka. Akaniona.

Akafanya alichofundishwa na mama yake. Akachuchumaa na kugeuzia uso ukutani.

Huku mwanangu yuko hewani.

Neema ameangukia magunia ya mahindi. Mungu ni mwema, na mavuno yalikuwa mazuri. Kiwiko kimevimba. Ezekia alibaki amechuchumaa, magurudumu yanamrudisha nyuma polepole, anauomba ukuta radhi. "Nisamehe mama. Nisamehe Neema. Nisamehe mama."

Na mimi? Mpambanaji? Nilijikuta nimejifunika kitenge kichwani, nimempa mgongo. Sikuamua. Mwili uliamua. Bibi yangu alifanya hivyo hivyo kwa baba yangu.

Yule kaka wa Arusha akauliza, "Samahani mama, hiyo ndiyo staili ya Songwe?"

Neema akanifuata nje ameshika kiwiko. "Mama, nakuomba. Jumamosi usije."

Ijumaa, 8 Agosti

Nimeandika makala kali dhidi ya desturi. Nimeichana. Nimeandika kali zaidi dhidi ya Ezekia. Nimechana na hiyo. Kijana hana kosa. Ameniheshimu kuliko watu wote wa mji huu, na hicho ndicho kinachoniudhi.

Habari imefika sokoni kabla yangu. Muuza nyanya alinisubiri.

"Mama Neema, si ulisema kumkimbia mkwe ni kuikimbia akili? Sasa akili imekimbilia wapi?"

"Imekuja sokoni. Nipe nyanya."

Gwamaka hakubali nikae nyumbani. Mtangazaji wake mwingine anajua mpira tu. Mtu akiruka atapiga kelele za goli. Nikapendekeza: jozi tatu nitatangaza nikiwa mbele ya watu. Ya nne nitatangaza nikiwa nyuma ya magunia.

"Utatangaza usichokiona?"

Nikamwambia wanasiasa wanafanya hivyo kila siku.

Si kwa ajili ya desturi. Ni kwa ajili ya kiwiko cha Neema. Nimejiambia hivyo asubuhi nzima.

Jumamosi, 9 Agosti

Ghala lilijaa. Waliotoka Iyula walikuja na vigoda vyao. Dar wakameta. Mwanza akambwaga mwenzake, kama nilivyosema. Arusha walikuwa wazuri mno. Niliwasifu mpaka mate yakaniishia.

Zamu ya nne. Nikachukua kipaza sauti, nikaingia nyuma ya magunia mbele ya kadamnasi. Watu wakaangua kicheko. Mama mmoja akapiga vigelegele: "Huyo ndiye mkwe! Kumbe ni mtu wa kwetu!" Nimetukanwa mengi maishani. Hilo limeingia ndani zaidi.

Nyuma kuna vumbi la pumba na ukuta. Basi.

Muziki ukaanza. Nikatega sikio. Nikasikia magurudumu ya mtu mmoja.

Mmoja tu. Nikajua mwingine kaanguka, au Neema kiwiko kimemshinda. Nikangoja watu wagune. Hawakuguna. Ghala lilikuwa kimya. Sauti ile moja ikazunguka, ikakata kona, ikanyamaza kidogo, ikatua. Moja. Ndipo nikaelewa. Walikuwa wawili.

Gwamaka akachungulia, jasho linamtoka. "Mama, sema kitu! Redio iko kimya!"

Maneno yote niliyosoma na kuandika, nikayatafuta. Nikapata mawili.

"Wanakwenda pamoja."

Kisha nikalia kwenye gunia la mtu.

Jumapili, 10 Agosti

Wameshinda. Kwa tofauti nyembamba, lakini wameshinda. Arusha ya pili. Tathmini yangu imeoza na sijali.

Kanisani nimekaa nyuma. Watu walinisalimia kwa upole. Nimeuvumilia.

Baba Neema anasema baada ya harusi watu wa Ihanda wataleta mbuzi, na hapo mkwe na mkwe wanaruhusiwa kutazamana. Nikauliza kama mbuzi hawezi kuwahi kidogo. Mabega yakamcheza kwa kicheko.

Jioni Ezekia amekuja kumchukua Neema, waende kuwaonyesha medali wazee wake waliopo mjini. Akasimama barabarani, kaipa nyumba yetu mgongo. Nilikuwa ndani, nyuma ya mlango.

"Shikamoo, mama," akaiambia barabara.

"Marahaba, baba," nikauambia mlango.

Wakavaa viatu. Nikawasikia wakishuka kando ya foleni ya malori, lami nzuri pale, mbovu kidogo mbele. Nikasikiliza mpaka nikashindwa kujua magurudumu yapi ni ya mwanangu.