Sindano Uliyompa Rehema

Mzee Sefu,

Shikamoo. Najua marahaba haitakuja, lakini siwezi kukuandikia bila kukuamkia. Ni mimi Omari, uliyenifundisha ukarani hapa kijijini. Naandika nikiwa na wivu, sitakuficha.

Ulimpa Rehema sindano. Miaka minne nimekubebea daftari la kijiji, yeye kaja juzi tu kutoka Kerenge na wazazi wake wakata mkonge, na ulipozidiwa ukamwita yeye. Nilikuwa mlangoni. Ulimwambia, "Mwanangu, zile kurasa zishone kabla mtu hajazigusa." Mwanangu. Mimi uliniita Omari tu.

Sababu naijua. Kila baada ya mavuno wilaya huleta orodha mpya, nasi hufuta kwa raba daftari letu la penseli na kuandika upya kama orodha inavyosema. Lakini zipo kurasa ambazo wilaya haina: watoto waliopokelewa na mkunga wetu, na makaburi yaliyobaki kwenye mahame tuliyoyaacha tulipohamia kijiji cha ujamaa. Hizo ulikuwa ukizishona pamoja kwa uzi wa katani kwanza, zisifunguke zikafutwa. Mwaka mmoja sikukungoja utoke shamba uzishone, nikafuta ukurasa mzima wa watoto. Ukazunguka nyumba kwa nyumba kuwauliza mama zao upya. Hukunigombeza. Afadhali ungenigombeza.

Orodha ya mwaka huu ilikuja Rehema akiwa Korogwe, anamuuguza mama yake. Alikuwa ameshashona. Mshono wake umenyooka kuliko wako, Mzee, na hilo lilinichoma. Nikajiambia, huyu ni nani wa kunifungia daftari nililolijua kabla yake? Nikachukua wembe, nikakata uzi. Raba nilikuwa nayo mkononi.

Ulikuwa ukurasa wa mahame. Mstari wa tatu, mwandiko wako: "Mama yake Omari. Nyuma ya mkwaju, hatua arobaini kutoka kisimani." Nililelewa na shangazi huko Kwashemshi, na sikuwahi kuambiwa mama amelala wapi. Labda ulidhani najua. Nawe tulikuzika huko huko, kama ulivyotaka, na siku ile nilisimama karibu naye bila kujua. Nikaweka raba chini, nikalia.

Rehema aliporudi akauona uzi. "Nani kafanya hivi, kaka Omari?" Nikasema mimi. Akanipa sindano. Hata hilo limeniuma. Ningependa anitukane, nipate pa kumchukia.

Bado namwonea wivu. Yeye alipata siku zako za mwisho na hilo neno mwanangu, nami nikabaki na raba. Lakini mstari ule uliuandika kabla hata hajafika hapa, na huo hawezi kunipokonya.

Orodha mpya inasema u hai: Sefu, mkulima, kaya ya tisa. Nimeandika hivyo hivyo, ndiyo kazi. Kisha nikafungua ukurasa wa mahame, chini ya mama nikaandika: "Mzee Sefu, karani. Hatua saba kutoka kwa mama yake Omari." Nimeushona mwenyewe. Mshono umepinda, ila umeshika.

Mungu akulaze pema, Mzee wangu. Kila mwaka, kabla sijagusa raba, nitawashona ninyi wawili kwanza.

Omari