Reli Aliyoifyeka Babu

Uko wapi? Nimerudi kutoka mkutanoni.

Mradi wangu umepita. Reli ya zamani itang'olewa, iwe njia ya watembea kwa miguu na baiskeli mpaka wilaya ya tatu kutoka hapa. Wote walinyoosha mikono, isipokuwa babu.

Nilionyesha picha nikasema, "Reli hii imetelekezwa miaka ishirini, lakini tuna bahati, haina hata kichaka."

Babu akasimama na kofia yake ya fundi reli. "Bahati gani, mjukuu wangu? Naifyeka kila Jumamosi."

Ukumbi ukacheka. Na mimi nikacheka. Nilicheka, ndugu yangu.

Miaka yote hiyo nilidhani Jumamosi anaenda shambani.

Akaniuliza taratibu, "Kwa hiyo treni hairudi?"

Nikamjibu, "Hairudi, babu." Mbele ya watu wote.

"Hilo ungeniambia nyumbani."

Tulipofika nyumbani akachukua fyekeo lake, akalinoa, akaliegemeza kwenye mlango wa chumba changu.

"Hao watembeaji wako nao wanaogopa nyoka," akasema.

Kesho ni Jumamosi. Amevua kofia.